Rekodi ya timu ya taifa ni nini hasa? Tuisome ya mabinti wetu wa raga

Juzi binti ya dada yangu, anasoma upande wa Likoni na raga ameanza kuicheza mwaka huu tu, alinitumia picha ya jedwali la matokeo akaniuliza, mjomba, kwani hawa Lionesses wetu wa Kenya rekodi yao ni mbaya hivi? Nikaitazama ile picha, safu ya ushindi ina namba ndogo, safu ya kushindwa ina namba kubwa, basi, hakuna kingine. Nikamwambia mamangu, Jumamosi ukivuka feri pitia kwangu na daftari, hili haliishi kwa simu. Tulikaa mpaka kahawa ikapoa na haya ndiyo tuliyoongea, nayaandika kwa sababu nasikia watu wengi wakibishana barazani kuhusu rekodi ya timu fulani na hakuna anayeanza kwa kusema hilo neno lenyewe lina maana gani.

Kwa maana rahisi, rekodi ni hesabu ya yote ambayo timu imefanya ikiwa imevaa jezi ya taifa. Imecheza mechi ngapi, imeshinda ngapi, sare ngapi, imepigwa ngapi, imefunga pointi ngapi na kufungwa ngapi, kwenye mashindano gani, na mwishoni ilishika nafasi ya ngapi. Hayo yote ni rekodi. Mtu akikutolea safu moja tu ya ushindi na kushindwa huyo amekuonyesha kichwa cha samaki, mnofu ameuacha jikoni.

Sasa jambo la kwanza kabla hujagusa namba yoyote, uliza ni raga gani. Wengi wanajikwaa hapa. Kuna raga ya wachezaji 15 kila upande, dakika 40 mara mbili, na kuna raga ya saba kila upande, dakika 7 mara mbili, na uwanja ni uleule mkubwa, kwa hivyo ile ya saba ni mbio tupu na mtu mmoja akiteleza tu ni trai, yaani mpinzani ameuweka mpira chini nyuma ya mstari wako wa mwisho. Ni michezo miwili tofauti, kila mmoja na rekodi yake, huwezi kuzichanganya kwenye chungu kimoja. Jina la Lionesses linatumika kwa timu zote mbili za wanawake Kenya, ya saba na ya 15, ndio maana yule binti alichanganyikiwa, ile picha yake ilikuwa imepanga matokeo ya huku na ya kule kama kitu kimoja. Kwa wanaume afadhali, Shujaa ni wa saba na Simbas ni wa 15, ukisikia jina unajua.

La pili, si kila mechi inaingia. Kwenye raga ya 15 kuna kitu kinaitwa mechi ya tesiti, yaani timu mbili za taifa zimekutana rasmi na mashirikisho yao yameitambua hivyo, na kila mchezaji anayeingia uwanjani anahesabiwa kwamba ameichezea nchi. Kombe la Elgon kwa mfano, Kenya na Uganda, lile limepewa jina la mlima tunaogawana nao mpakani, hizo zinahesabiwa. Mazoezi na klabu, mechi ya kupasha misuli kabla ya safari, hizo hazihesabiwi hata ukishinda kwa pointi 80.

Haya tuje kwenye namba zenyewe. Nilimwambia aandike Olimpiki kwanza kwa sababu ndiyo inaeleza vizuri. Raga ya saba iliingia Olimpiki mara ya kwanza Rio 2016, timu 12 za wanawake, na Kenya ilikuwa mojawapo. Mechi ya kwanza wakapewa New Zealand, wakafungwa 52-0. Mashindano yalipoisha walikuwa nafasi ya 11, waliifunga Colombia kwenye mechi ya kugombea nafasi hiyo. Halafu ikaja Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021 sababu ya korona. Wakapangwa tena na New Zealand, wakafungwa 29-7. Urusi wakawafunga 35-12, Uingereza 31-0, halafu wao wakaifunga Japani 21-17, mechi ya mwisho Canada wakawafunga 24-10. Nafasi ya 10.

Nikamwambia sasa jumlisha Tokyo peke yake. Akatoa kalamu. Mechi 5, ushindi 1, kushindwa 4, pointi za kufunga 50, za kufungwa 136. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi, si ndio hii mjomba, ni mbaya.

Ndio, ukiisoma hivyo ni mbaya. Lakini rudi kwa New Zealand. Mpinzani yuleyule, Rio anakuacha kwa pointi 52 na hujamfunga hata moja, miaka mitano baadaye anakuacha kwa 22 na umemfunga trai na mkwaju wake. Na hawa si New Zealand waliopungua nguvu, Rio walichukua fedha na Tokyo wakachukua dhahabu, kwa hivyo tunaweza kusema pengo lilipungua hali yeye mwenyewe amepanda. Hiyo ndiyo inaitwa rekodi dhidi ya mpinzani mmoja na kwangu mimi ni ya maana kuliko jumla yote, sababu jumla inachanganya Japani na New Zealand kama vile ni mlima mmoja. Baadhi ya mabinti walikuwepo mara zote mbili, Janet Okelo na Philadelphia Olando walicheza Rio na wakarudi tena Tokyo, yaani ile 52-0 waliibeba miilini mwao miaka mitano. Hilo jedwali halina safu yake lakini mimi nataka binti yangu alijue.

Sasa kuna jambo ambalo likanifanya nimwambie afungue ukurasa mpya. Walifikaje Tokyo? Oktoba 2019 kulikuwa na mashindano ya Afrika ya raga ya saba ya wanawake kule Jemmal, Tunisia, na bingwa ndiye alikuwa anapata tiketi ya Olimpiki. Fainali ikawa Kenya na Afrika Kusini. Afrika Kusini wakashinda 15-14. Pointi moja!

Hebu tuikate hiyo 15-14 vipande, kwa sababu hapa ndipo unaona mechi ndani ya namba. Trai ni pointi 5. Ukishafunga trai unapewa mkwaju wa nyongeza, ukiingia kati ya milingoti ni 2. Kwenye raga ya saba ni nadra sana timu kupiga mkwaju wa adhabu kutafuta 3, wanachukua mpira wanakimbia. Kwa hivyo 14 ni trai mbili na mikwaju yote miwili imeingia, hakuna njia nyingine ya kuifikia kwa trai na mikwaju ya nyongeza. Na 15 je? Trai tatu, mikwaju yote imekosa. Ukiwa hujui lolote kuhusu siku ile, hiyo namba peke yake imeshakwambia kwamba mpigaji wa Kenya hakukosa na wa Afrika Kusini hakupata, na kilichowaangusha Kenya ni ile trai ya tatu.

Na usidhani ule mkwaju ni kitu rahisi. Mwaka mmoja nilikaa kwenye mashindano ya raga ya saba ya Driftwood Sevens pale Mombasa Sports Club karibu kabisa na mstari, jua la saa nane linachoma shingo, mchezaji ametoka kukimbia uwanja mzima kufunga trai na bado kifua kinapanda na kushuka, na kwenye raga ya saba mpira hauwekwi chini, lazima uuachie uguse nyasi ndio uupige wakati unaruka, na muda ni sekunde 30 tu. Yeye alifuta kiganja kwenye bukta mara mbili, akauachia mpira, ukadunda vibaya kidogo tu sababu pale nyasi ilikuwa imeliwa mpaka mchanga, ukaenda nje ya mlingoti. Sauti ya watu ikashuka yote kwa pamoja. Pointi mbili zimekwenda kwa sababu ya mdundo mmoja.

Turudi Jemmal. Kwenye jedwali ile fainali imeandikwa Kenya imeshindwa, na ni kweli imeshindwa. Lakini Afrika Kusini hawakuichukua ile nafasi, kamati yao ya Olimpiki haikuwa inakubali kupeleka timu kwa tiketi ya kufuzu kupitia Afrika, kwa hivyo nafasi ikashuka kwa mshindi wa pili, Kenya, na ndivyo walivyoenda Tokyo. Rio pia ilikuwa hivyohivyo, 2015 Afrika Kusini walikuwa mabingwa kwenye mashindano ya kufuzu, Kenya wa pili, nafasi ikaja kwetu. Wako wanaosema basi Olimpiki mbili hizo Kenya ilibebwa. Mimi sikubaliani hata kidogo. Nafasi ya pili hupewi barazani, unaicheza, unawatoa wote wengine njiani, na kama ungekuwa wa tatu simu isingekupigia.

Akasema kwa hivyo kushindwa kwa pointi moja si neno? Nikamwambia ngoja, geuza ukurasa.

Tarehe 25 Agosti 2021, wiki chache tu baada ya Tokyo, timu ya wanawake ya 15 ilicheza na Colombia pale Nyayo, Nairobi. Kombe la Dunia la raga la wanawake lilikuwa New Zealand, lile la 2021 lililosogezwa mpaka 2022. Afrika Kusini walikuwa wameshachukua tiketi ya Afrika 2019 na Kenya ikamaliza ya pili, wakapewa mlango huu mwingine, washinde Colombia waende kwenye mchujo wa mwisho wa dunia Dubai. Nyumbani. Colombia wakashinda 16-15.

Pointi moja tena. Ukiziandika kwenye daftari ni mistari miwili inayofanana kabisa, K kwa kushindwa, tofauti 1. Mmoja ulifungua Olimpiki, mmoja ulifunga Kombe la Dunia. Colombia wakaenda Dubai Februari 2022, tiketi wakachukua Scotland, na mabinti wa Kenya wa raga ya 15 hilo Kombe wakaliona kwenye televisheni kama mimi na wewe. Na 16-15 ya raga ya 15 huwezi kuikata vipande kama ile ya Jemmal, sababu huku mikwaju ya adhabu ya pointi 3 inapigwa kila mara, njia za kufika 16 ni nyingi.

Ndio maana nasema rekodi ina safu moja ambayo majedwali mengi hayana nayo ndiyo ya kwanza kuitafuta, mechi hii ilikuwa ya kugombea nini. Safu hiyo nilimfanya aichore mwenyewe kwa rula. Gaborone 2018, raga ya saba, Kenya wanaifunga Uganda fainali, waligombea nini? Ubingwa wa Afrika, wakaupata. Paris 2024, hakuna mechi ya kuandika, Olimpiki hiyo Lionesses hawakufika, kutoka Afrika walienda Afrika Kusini. Kutofika pia ni sehemu ya rekodi, ingawa hakuna matokeo ya kuonyesha.

Kuna na hili la nafasi duniani, watu wanalichukulia kama ndiyo rekodi yenyewe na sivyo. World Rugby, shirikisho la raga la dunia, wana orodha yao ya raga ya 15 ya wanawake, kila timu ina pointi kati ya 0 na 100, mkicheza mechi ya tesiti aliyeshindwa anamlipa aliyeshinda kutoka mfukoni mwake, hakuna pointi mpya inayozaliwa. Ukimfunga aliye juu yako unalipwa nyingi, ukimfunga aliye chini sana hupati kitu, ukishinda kwa zaidi ya pointi 15 unaongezewa nusu, mechi za Kombe la Dunia zinalipa mara mbili, na mwenyeji anahesabiwa kama ana pointi 3 zaidi kwa sababu ya kuwa nyumbani. Kwa hivyo timu inayocheza mechi chache inaweza kukaa palepale miaka, si kwamba imelala, haijapewa mtu wa kucheza naye. Kwa timu zetu za Afrika za wanawake hili ndilo jeraha kubwa, safari ni ghali na mechi ni chache, sasa mtu anachukua hiyo nafasi anasema hawa hawaendi mbele. Wacheze na nani?

Na mlolongo wa ushindi nao usikutie wazimu. England ya wanawake wa 15 walifika fainali ya Kombe la Dunia Novemba 2022 wakiwa wameshinda mechi 30 mfululizo, wakafungwa na New Zealand 34-31. Ikabidi wangoje mpaka 2025, kwao Twickenham, wakaifunga Canada 33-13 ndio wakalipata kombe.

Saa ya kuvuka ilipofika daftari lilikuwa na kurasa nne, raga ya saba mbele, ya 15 nyuma, hazigusani. Usiku akanitumia picha ya ule mstari wa Colombia. Kwenye safu ya kugombea nini alikuwa ameandika "Dubai", akaizungushia wino mwekundu, na chini yake ameacha mstari mtupu. Nikamuuliza huo wa nini. Akasema ni wa mechi ya marudiano, mjomba, siku tukikutana nao tena.