Chuma Kikianguka Kutoka Angani, Usiguse na Usiuze

Tarehe 30 Desemba 2024, saa tisa hivi alasiri, pete ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kipenyo chake kilikuwa kama mita 2.5 na uzito kilo 500 hivi. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliichukua, na uchunguzi wa awali ukaonyesha kuwa ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Haikuwa bomu wala ishara ya mwisho wa dunia, na tunaomba uvumi wa aina hiyo ukome.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni dhana kwamba kilichoanguka shambani mwako ni chako. Si chako. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema wazi kuwa umiliki wa chombo haubadiliki kwa sababu kimerudi duniani. Kwa hiyo anayekikata na kukipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu anauza mali ya mtu mwingine, tena anaharibu ushahidi ambao ungemsaidia jirani aliyebomolewa nyumba.

Kuhusu fidia, Mkataba wa Dhima wa 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhima kamili kwa madhara yanayotokea ardhini. Mlalamikaji halazimiki kuthibitisha uzembe. Hata hivyo, chini ya mkataba huu mwananchi hamwandikii mwenye roketi moja kwa moja. Serikali yake ndiyo inayowasilisha dai, kwa njia ya kidiplomasia, ndani ya mwaka mmoja tangu madhara yatokee au nchi iliyorusha itambuliwe. Mwaka mwingine ukipita bila maafikiano, upande wowote unaweza kuomba tume ya watu watatu. Kanada ilipitia njia ya kidiplomasia baada ya setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, kuanguka kaskazini mwa nchi hiyo Januari 1978. Ilidai zaidi ya dola milioni 6 za Kanada. Mwaka 1981 wakakubaliana milioni 3. Tunaposema subira inahitajika, tunamaanisha hivyo.

Tangi la mafuta ya roketi laweza kuwa na mabaki ya haidrazini, ambayo ni sumu kwa ngozi na mapafu. Watoto wasisogee, mifugo iondolewe, na usikimwagie maji kilichoanguka. Mjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

Piga picha ukiwa mbali, kisha uandike saa na dakika uliyosikia kishindo, na upande kitu kilikotokea. Watu wengi hutuma picha ishirini bila saa. Saa hiyo ndiyo inayolinganishwa na njia za vyombo vilivyokuwa vikirejea duniani siku hiyo, na bila hiyo kumtambua mwenye chombo huwa kazi ngumu mno.