Kikinga cha mashine ya randa: ni nini, na unachaguaje kinachofaa

Mashine ya randa ninayoizungumzia ni ile ya kusukuma mbao kwa mkono: meza mbili za chuma, mwanya katikati, na ndani ya mwanya ngoma yenye visu viwili, vitatu au vinne. Si ile ya unene, ambayo mbao ikishaingia huvutwa na rola na visu vimejificha ndani ya bodi. Kwenye hii ya kusukuma visu viko wazi juu ya meza, na mikono ya fundi inapita hapo hapo. Ngoma yenye visu vitatu ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kisu kinapita mara 250 kila sekunde. Kidole kikiingia humo kinasagwa, na mara nyingi daktari hakuti kipande cha kukirudishia.

Kikinga ni kifaa kinachofunika sehemu ya visu ambayo haina mbao juu yake. Ubora wake hupimwa ngoma ikiwa inazunguka, na hupimwa mara tatu: kabla mbao haijafika, mbao inapopita, na pale mkia wa mbao unapotoka. Mafundi wengi huiogopa ile ya kwanza, kwa sababu visu vinaonekana. Kwangu mimi ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Mkono unaosukuma uko mwishoni mwa mbao, nguvu bado iko mbele, na mbao iliyokuwa imeziba visu imeshaondoka.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kikinga cha bawa, kilichozoeleka kwenye mashine za Marekani. Ni kipande bapa kinachozunguka kwenye boliti moja pembeni mwa meza, na springi hukivuta kiegemee ukuta wa mashine, yaani bamba lililosimama juu ya meza ambalo mbao huegemezwa ikisukumwa. Mbao ikija inakisogeza pembeni. Ikipita, chenyewe kinarudi. Ya pili ni kikinga cha daraja, cha Ulaya: ubao au aluminiamu ndefu inayokaa juu ya visu kwa upana wote wa meza, ikishikwa na mkono unaopanda na kushuka, na yenyewe inaweza kusogezwa mbele na nyuma. Hapo mbao hupita chini ya daraja, au kati ya ncha ya daraja na ukuta.

Tofauti yao inaonekana ukiweka kazi mezani. Chukua mbao ya paina ya moja kwa nane, yaani unene inchi moja na upana inchi nane, na unyooshe ubavu wake ili uiunge kwa gundi. Kikinga cha bawa kinafunguka inchi moja tu, na inchi hiyo imezibwa na mbao yenyewe. Kwa kazi hiyo bawa halina mpinzani: halihitaji kurekebishwa, na fundi hawezi kusahau kulishusha. Sasa ilaze mbao ile ile uirande uso. Bawa linafunguka inchi nane, na mkia ukitoka, inchi nane za visu ziko wazi mpaka springi iamke. Springi ikiwa imechoka, ziko wazi kabisa. Daraja, kwa kazi hiyo hiyo, halifunguki. Unaliinua kidogo juu ya unene wa mbao, mbao inapita chini, viganja vinateleza juu ya daraja na kushuka upande wa pili, na mkia ukitoka visu bado vimefunikwa.

Udhaifu wa daraja ni kwamba linamtegemea fundi. Uingereza hutaka nafasi kati ya daraja na mbao isizidi milimita 10. Fundi mwenye haraka huliinua asubuhi kwa ajili ya mbao nene ya mbili kwa sita, kisha anapitisha chini yake mbao za inchi moja mchana kutwa. Daraja la namna hiyo ni pambo.

Kwa hiyo, uchague lipi? Kama karakana yako kazi yake kubwa ni kuranda uso wa mbao pana za milango, meza na makabati, ningekuambia daraja. Kama ni kunyoosha mabavu, bawa linatosha. Karakana nyingi za Arusha na Moshi zinafanya yote mawili, na hapo mimi bado naegemea daraja kwa sababu moja zaidi: ni rahisi kulitengeneza na kulifunga kwenye mashine ambayo haikuja nalo. Na mashine za namna hiyo ni nyingi: fremu ya engo, meza ya bati nene, mota chini na mkanda, zote zimechomelewa hapa hapa mjini, na aliyechomelea hakuulizwa habari za kikinga.

Ukitaka kulifunga, jambo la kwanza ni kutochomelea kitu kwenye meza yenyewe. Meza ya chuma cha kumimina inaweza kupasuka, na ya bati inapinda kwa joto, kisha mbao zako zote zinatoka na tumbo. Toboa fremu au ubavu wa meza ya kutokea, piga uzi wa boliti ndani ya tundu, funga kwa boliti. Mkono wa daraja uwe mnene kiasi kwamba ukiugandamiza kwa kiganja hauyumbi kuelekea visu. Daraja lenyewe lisiwe chini ya upana wa ngoma, na liwe la mbao ngumu, plaiwudi nene au aluminiamu. Hapa ndipo watu wanapokosea kwa nia njema, wanaweka flatibaa ya chuma wakidhani imara ndiyo salama. Likishuka likagusa visu, plaiwudi itatoa vumbi. Chuma kitavunja kisu na kukirusha, na hujui kitatua kwa nani.

Wanaotengeneza bawa wana tatizo la springi. Mpira wa tyubu ya baiskeli ndio unaotumika sana, na unafanya kazi vizuri siku za mwanzo. Baadaye unalegea, na hakuna anayegundua kwa sababu bawa bado linarudi, ila taratibu. Kamba yenye uzito uliosawazishwa, inayoning'inia pembeni mwa meza, haichoki. Zima mashine, toa plagi, vuta bawa mpaka mwisho uliachie: lirudi lenyewe hadi liguse ukuta, bila kukwaruza meza. Kisha zungusha ngoma kwa kuvuta mkanda uone kama kuna kisu kinachogusa. Rudia jaribio hilo kila ukinoa na kurudisha visu, maana havirudi vilevile. Kanuni za Marekani hazitaki kisu kitokeze zaidi ya milimita 3 hivi nje ya ngoma, na ni kipimo kizuri hata kwa mashine ya hapa.

Kuna upande ambao karibu kila mtu huusahau: nyuma ya ukuta. Ukisogeza ukuta mbele ili utumie sehemu ndogo ya visu, kinachobaki nyuma yake kinazunguka wazi, upande ule ambao kijana husimama akipokea mbao. Kipande cha plaiwudi kilichofungwa kwenye ukuta, kikasogea nao, kinamaliza shida hiyo kwa gharama ndogo.

Kikinga hakifanyi kazi ya kibao cha kusukumia. Mbao fupi kuliko sentimita 30 isipite kabisa. Irande ikiwa ndefu, uikate baadaye. Glavu zivuliwe. Umeme ukikatika, zima swichi kabla hujaenda kunywa chai, maana umeme ukirudi ghafla ngoma itaanza kuzunguka bila mtu.

Na ribeti, ule mkato wa ngazi kwenye ukingo wa mbao? Kupiga ribeti ya fremu kwenye mashine hii mara nyingi humlazimisha fundi kuondoa kikinga, na kikishaondolewa kinaweza kukaa rafuni mwezi mzima. Kazi hiyo ipeleke kwenye mashine ya spindo au ruta.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inamwekea mwajiri jukumu la kuziba sehemu hatari za mashine, iwe imenunuliwa mpya au imechomelewa mtaani. Moshi wana bahati ya kuwa na Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, hivyo mtu mwenye swali la mashine za mbao hahitaji kwenda mbali.

Ukienda kununua mashine ya mtumba, usianze na mota. Angalia ubavu wa meza. Ukikuta matundu ya boliti matupu, hapo palikuwa na kikinga. Muulize muuzaji kilikwenda wapi, na kama hakipo, punguza bei kwa kiasi utakachomlipa fundi wa kuunda kingine.