Ndege, viwanda na mazingira: dhana tunazozibeba Lindi na Mtwara

"Kinywe cha Ruangwa ndicho kinachotengenezea mabawa ya ndege"

Huku kusini dhana hii naielewa inakotoka. Kinywe, yaani madini ya grafiti, ni kaboni, na mabawa ya ndege nyingi mpya, zikiwemo Airbus A220 za Air Tanzania, ni ya nyuzi za kaboni. Lakini nyuzi hizo hazichimbwi ardhini. Karibu zote zinatokana na plastiki iitwayo poliakrilonitrili, zao la mafuta ya petroli. Inavutwa ikawa uzi mwembamba kuliko unywele, kisha inachomwa bila oksijeni kwenye joto linalozidi sentigredi 1,000. Kinywe chetu soko lake ni kwenye betri na matofali ya kuhimili joto la tanuri.

Nalisisitiza hili kwa sababu uchafuzi nao unafuata njia hiyo. Uzi unapochomwa hutoa gesi zenye sumu, sianidi ikiwemo, na kiwanda lazima kiziteketeze kabla hazijafika kwenye bomba la moshi. Viwanda vingi pia vinanunua vitambaa vya kaboni vilivyokwisha lowekwa gundi, vinavyotunzwa kwenye friza, sentigredi hasi 18. Muda wake ukipita, kitambaa ambacho hakijagusa ndege yoyote kinageuka taka, tena taka ngumu kurejeleza. Kwa hiyo meneja wa mazingira mwenye akili anaanzia stoo: nani kaagiza kingi kupita mahitaji, na kilichoingia kwanza kimetoka kwanza?

"Alumini ni rahisi, mabaki yanayeyushwa tu"

Kuyeyusha kunaokoa sana kweli, maana alumini iliyorejelezwa inahitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuizalisha upya kutoka kwenye madini. Tatizo ni kuchanganya. Baadhi ya vipande vya ndege vinachongwa kutoka kwenye bonge zima la alumini, na sehemu kubwa ya bonge hilo huishia sakafuni ikiwa mikunjo myembamba inayong'aa. Kuna aina yenye shaba na kuna yenye zinki. Zikishakutana kwenye pipa moja, haziwezi kurudi kuwa ndege. Zinashuka daraja na kuwa bidhaa za kawaida. Wanunuzi wa skrepa wa Mtwara mjini wanalijua hili kwa mikono yao: mzigo uliochambuliwa una bei yake, na uliovurugwa una bei nyingine.

"Rangi ni urembo"

Rangi ya chini, ile ya kijani-njano ambayo abiria haioni, ndiyo iliyowaumiza wafanyakazi. Kwa miaka mingi ilikuwa na kromiamu-6, kinga hodari dhidi ya kutu, na watu wa pwani tunajua chumvi inavyotafuna mabati ya nyumba zetu Mikindani. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani ya mapafu. Ulaya, tangu Septemba 2017, kromiamu trioksaidi, mojawapo ya kemikali za kromiamu-6, haitumiki bila kibali maalumu. Mbadala upo kwa baadhi ya kazi, lakini si kwa zote, kwani rangi ya ndege haibadilishwi mpaka ithibitishwe kwamba italinda alumini kwa miongo.

"Kiwanda ndicho kinachochafua zaidi"

Kwa hewa ya ukaa, hapana. Sehemu kubwa kabisa inatoka ndege ikiwa angani: kila kilo 1 ya mafuta ya ndege inatoa kilo 3.16 za hewa ya ukaa, kwa kuwa kaboni inaungana na oksijeni ya hewani. Ndiyo maana uamuzi mzito wa mazingira unafanyika kwenye meza ya msanifu wa ndege, kwenye uzito na injini. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha kiwango cha hewa ya ukaa kwa ndege mwaka 2017.

"Wana cheti cha ISO 14001, basi hawachafui"

Hapa ndipo tunapodanganyika zaidi. Kiwango hiki cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira kilitoka 1996, na hakitaji hata kipimo kimoja cha moshi au maji machafu. Kinachodai ni utaratibu: ujue shughuli zako zinaathiri nini, utii sheria za nchi yako, ujiwekee malengo, ujikague na urekebishe. Airbus ilipata cheti hicho 2007, na bado ilibaki na kazi ya kromiamu na taka za kaboni. Viwanda viwili vinaweza kutundika cheti kilekile ukutani huku kimoja kikitoa taka nyingi mara kadhaa kuliko kingine.

Maarifa haya yanafaa hapahapa kwetu, penye saruji, gesi ya Madimba na ubanguaji wa korosho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Kiwanda kikija mkutano wa kijiji kikionyesha cheti, ombeni wasome kinahusu eneo gani na shughuli zipi, na kinaisha lini, maana kwa kawaida kinadumu miaka 3. Kisha ombeni vipimo vya maji na hewa vya mwaka uliopita.