"Mbona inaonekana safi?" Dhana potofu kuhusu kupima vinywaji kwa mwanga kiwandani

Soda, bia na maji ya chupa vina usumbufu mmoja kwa watu wa ubora: vyote hupitisha mwanga, na ukivitazama kwenye glasi huwezi kujua kipi kimechanganywa sawasawa na kipi kimezidishiwa maji. Ndiyo maana mabombani hufungwa vipimo vya mwanga. Vipimo vyenyewe ni vizuri. Yanayosemwa kuvihusu ndiyo shida, kuanzia kwa opereta wa zamu ya usiku hadi kwa bosi anayesaini manunuzi.

"Kitu kinachopitisha mwanga hakina cha kupimwa kwa mwanga."

Mwanga ukiingia kwenye kioevu hupungua kasi na kupinda, na kiasi cha kupinda hutegemea kilichoyeyuka humo. Maji safi kwenye nyuzijoto 20 yana kipimo cha mpindo cha 1.333. Yeyusha sukari hadi ifike gramu 10 katika kila gramu 100 za mchanganyiko, kipimo kitapanda hadi karibu 1.348, kwenye gramu 50 kitakuwa 1.420. Jicho haling'amui lolote hapo, ila refraktomita, yaani kifaa cha kupima mpindo huo, inang'amua. Ernst Abbe alichapisha maelezo ya refraktomita yake mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1874, na kanuni aliyoitumia bado ndiyo inayotumika kwenye mitambo ya leo. Kidirisha kigumu, mara nyingi cha yakuti, hugusa kioevu. Miale hukipiga kwa pembe nyingi kutoka ndani ya kifaa: inayokipiga kwa kulalia sana hurudi yote, mingine kwa sehemu kubwa hupotelea kwenye kioevu. Kifaa husoma pale mwanga unapokutana na giza.

Kwa kuwa kinachosomwa ni mwanga uliorudi, weusi wa kola hauna madhara. Anayesema refraktomita ya bombani haifai kwa soda yenye rangi anaichanganya na kifaa kingine.

"Refraktomita hupima sukari."

Hii ndiyo inayoleta hasara, kwa sababu ni nusu kweli. Kifaa hupima mpindo tu. Digrii za Brix (gramu za sukari katika kila gramu 100 za mchanganyiko) zinazotokea kwenye kioo zimetafsiriwa kwa jedwali lililotengenezwa kwa sukari ya kawaida ndani ya maji matupu, na kioevu chako kinaweza kuwa na asidi, chumvi au pombe, ambazo nazo hupinda mwanga. Bia inayochacha ni mfano mzuri: pombe huongeza mpindo lakini hupunguza uzito wa kioevu, kwa hiyo refraktomita na haidromita, inayopima uzito huo, zitabishana juu ya tangi lilelile, na hakuna kati yake iliyoharibika.

Sirapu ya soda nayo ina vituko vyake. Ikikaa tangini pamoja na asidi, sukari huvunjika polepole kuwa glukosi na fruktosi, na katika kuvunjika hula maji: kila gramu 342 za sukari huchukua gramu 18 za maji na kuwa gramu 360. Usomaji hupanda ilhali hakuna aliyeongeza hata kijiko. Asiyejua hili huongeza maji "kurekebisha", kumbe ndiyo anaharibu. Kwa soda isiyo na sukari ndiyo kabisa, kwani vitamuzi vyake ni vichache mno kwa refraktomita kuviona. Hapo viwanda hupima asidi, au jinsi kinywaji kinavyofyonza mwanga wa urujuanimno.

Joto pia lisisahaulike. Sampuli iliyopanda kutoka nyuzijoto 20 hadi 25 itasomeka pungufu kwa zaidi ya 0.3 ya Brix kama kifaa cha mkononi hakijirekebishi chenyewe.

"Kwa ukungu, jicho la mzoefu linatosha."

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba tope kwenye maji huanza kuonekana kwa macho karibu na NTU 4 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu au tope). Lakini maji yanayokwenda kutiwa dawa yanatakiwa kuwa chini ya NTU 1, maana chembechembe huwapa vijidudu pa kujificha. Maji yenye NTU 3 yatamfurahisha kila mtu mezani na bado yawe yamefeli.

Kwenye bia jicho hukosea upande wa pili. Kifaa cha kupima ukungu, kinachosoma mwanga unaotawanywa na chembe, kinaweza kulia kwamba ukungu umezidi huku glasi ikimeremeta. Hakidanganyi. Chembe ndogo sana, chini ya mikromita moja, hutawanya mwanga kuelekea ubavuni, kwenye nyuzi 90, hata pale ambapo mnywaji haoni kitu. Chembe kubwa kama chachu na unga wa kuchujia husukuma mwanga zaidi mbele. Kwa hiyo vifaa vingi vya bia husoma pembe mbili, 90 na 25. Ya 25 ikiruka ghafla, nenda kwenye chujio, huenda linavuja. Ya 90 ikipanda peke yake taratibu, fikiria protini na tanini. Mtu anayesoma namba moja tu amelipia kifaa kizima na kutumia nusu yake.

Mapovu nayo huvuruga kipimo cha ukungu, kwani povu hutawanya mwanga kama uchafu. Bia ipimwe ikiwa na shinikizo la kutosha ili gesi ibaki imeyeyuka. Na vifaa viwili vikitofautiana juu ya maji yaleyale, uliza taa kwanza: kiwango cha kimataifa cha kupima ukungu, ISO 7027, hutumia mwanga wa infraredi wa nanomita 860 ili rangi isiingilie, wakati njia ya Marekani inayoitwa EPA 180.1 hutumia taa nyeupe ya tungsteni.

"Namba imetulia, basi mambo yametulia."

Mimi namba isiyotikisika hunitia wasiwasi zaidi. Refraktomita huona tabaka jembamba tu linalogusa kidirisha. Utando wa sukari au protini ukishika pale, kifaa kitasoma utando kwa utulivu mkubwa huku bombani kukipita kitu kingine. Kukagua ni bure: mitambo ikisuuzwa kwa maji safi, Brix inapaswa kurudi sifuri. Ikigoma kwenye 0.4 na maji yamepita vya kutosha, fungua ukasafishe kidirisha kabla hujagusa kitufe cha kusawazisha. Ukisawazisha juu ya utando, unaufanya uchafu kuwa sifuri yako mpya.

Kwenye laini za bia baridi, unyevu hutanda pia nyuma ya kidirisha cha kifaa cha ukungu, upande wa taa, na ukungu husomeka uko juu bila bia kuwa na kosa. Vifaa vingi huwa na vifuko vya kukausha unyevu kwa ajili hiyo. Vifuko hivyo navyo hushiba, na kwa kawaida havimo kwenye orodha ya matengenezo ya mtu yeyote.