Weka mabano kwanza, namba baadaye

Juzi nilikuwa nasahihisha madaftari, kosa lilelile likanifuata kurasa kwa kurasa. Swali: tafuta thamani ya 2x² − 3x + 1 ikiwa x = −3. Mwanafunzi kafuta x, kapachika −3 palepale:

2 − 3² − 3 − 3 + 1

Akapata −12. Jibu ni 28.

Ukiifuatilia hesabu yake, kutoa na kujumlisha kote kuko sawa. Shida ni kwamba x ilipoondoka, iliondoka na alama ya kuzidisha iliyokuwa imejificha ubavuni mwake. 2x ni 2 × x. Sisi watu wa hisabati tu ndio wavivu wa kuiandika hiyo alama. Ndiyo maana wapo pia ambao x ikiwa 5, kwao 2x ni 25.

Dawa yangu ni kuuandika mtajo upya, kila palipo na herufi pawe na mabano matupu:

2( )² − 3( ) + 1

Kisha jaza: 2(−3)² − 3(−3) + 1. Sasa kipeo, ile 2 ndogo ya juu, kinaibeba −3 nzima, pamoja na alama yake: 18 + 9 + 1.

Descartes, mwanahisabati Mfaransa aliyeanza kutumia x, y na z kwa vitu visivyojulikana mwaka 1637, mara nyingi aliandika xx badala ya x². Kwa anayeanza, naona alikuwa na hoja: (−3)(−3) haina pa kukosea. Ila angalia −x². Hapo kipeo ni cha x peke yake na alama ya kutoa imebaki nje, kwa hiyo x = −3 inatoa −(−3)², yaani −9. Wengi hukimbilia kuandika 9.

Halafu kuna MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Naipenda, lakini haina herufi ya kipeo, nacho hufanywa mara tu baada ya mabano. Tena JU kuitangulia TO huwaponza watu. Chukua a − b + c, ambapo a = 10, b = 4, c = 3. Anayekimbilia kujumlisha 4 na 3 anaishia na 3. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja. Unafanya unachokikuta kwanza ukitoka kushoto: 6, kisha 9. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo.