Pengo la matumizi: mnara umefika, intaneti haitumiki

Watu wasiotumia intaneti hawako katika hali moja. Wapo wanaoishi mahali ambako intaneti ya simu haijafika kabisa; hao wamo katika pengo la mtandao. Wapo wengine wanaoishi karibu na mnara unaofanya kazi, alama za mtandao zimejaa kwenye simu, lakini hawaingii mtandaoni. Hao wamo katika pengo la matumizi, na ndio walio wengi. Kwa hesabu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, mwaka 2023 kati ya kila watu 100 wa Afrika kusini mwa Sahara ni 27 tu waliokuwa wakitumia intaneti ya simu. Wasiokuwa na mtandao kabisa walikuwa 13. Waliobaki, 60, walikuwa nao lakini hawautumii. Kwa hiyo mradi wa kupunguza umaskini kwa intaneti ukihesabu minara peke yake, umehesabu kipande kidogo cha kazi.

Kwamba intaneti hupunguza umaskini kuna ushahidi, tena wa hapa nchini. Watafiti wa Benki ya Dunia walitumia takwimu za kaya za Tanzania zilizokusanywa kwa awamu tatu kati ya 2008 na 2013, wakati 3G, intaneti ya simu ya kizazi cha tatu, ikisambaa. Katika maeneo yaliyofikiwa, matumizi ya kaya kwa kila mtu yalizidi ya maeneo yasiyofikiwa kwa asilimia 7 hadi 11, na sehemu ya kaya zilizo chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, yaani mstari wa umaskini, ilipungua kwa pointi 5 hadi 7 za asilimia. Kilichobadilika hasa ni kazi: watu zaidi walipata ajira za mshahara au walianzisha shughuli nje ya kilimo. Ila faida haikugawanyika sawa. Vijana wa kiume wenye ujuzi walifaidi zaidi, na wanawake wenye ujuzi waliweza kuacha jembe wakashika shughuli nyingine. Mnara ulikuwa wa wote, mavuno yakawa ya baadhi.

Tuanze na mnara wenyewe, maana pengo la kwanza nalo halijaisha. Intaneti huingia nchini kwa nyaya za baharini zinazotua Dar es Salaam: SEACOM ilifika Julai 2009, EASSy mwaka uliofuata. Kutoka pwani husafiri kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, ukipita Tabora hadi Kigoma. Kutoka mjini kwenda vijijini mara nyingi hurushwa hewani, mnara kwa mnara, madishi yakitazamana bila mlima katikati. Mnara mmoja wa kati ukikosa umeme, vijiji vyote vilivyo mbele yake hukosa mtandao hata kama minara yao ni mizima. Minara ya vijijini hutegemea sola na betri au jenereta ya dizeli. Masika barabara ikiharibika mafuta huchelewa, betri zikichoka mnara hushindwa kumaliza usiku, na wezi wa mafuta na betri nao wapo.

Chukua mikoa miwili ya magharibi, Kigoma na Tabora. Kigoma ina shida yake ya kijiografia. Kaskazini mwa mji, vijiji kama Mtanga, Mwamgongo na Kagunga vimebanwa kati ya ziwa na milima inayoshuka hadi majini. Mnara ukiwekwa upande wa pili wa mlima, kijiji kilicho chini hubaki kivulini. Kule mpakani simu inaweza kudaka mtandao wa Burundi: ghafla saa ya simu inarudi nyuma kwa saa moja, maana Burundi iko saa moja nyuma yetu, na bando la Tanzania linagoma. Dawa ni kuzima romingi, yaani simu kutumia mtandao wa nchi nyingine, kwenye mipangilio ya simu, kisha kuchagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague. Tabora kwa sehemu kubwa ni tambarare, shida yake ni umbali. Kaliua, Sikonge na Uyui zina misitu ya miombo na kaya zilizotawanyika, hivyo mnara mmoja hupata wateja wachache na kampuni haioni faida. Pengo hilo ndilo la Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006: mfuko hutoa ruzuku, kampuni inajenga. Mei 2023 ulisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini.

Hata mnara wa 4G una kikomo. Ukipewa masafa yenye upana wa megahezi 10, upande mmoja wa antena hutoa kwa kawaida kama megabiti 15 hadi 20 kwa sekunde, na hizo ni za watu wote waliopo upande huo. Saa mbili usiku watu 100 wakiingia kwa pamoja, kila mmoja anabaki na kilobiti 150 hadi 200. Meseji zitapita, picha zitapita kwa kusuasua, video itazunguka tu. Anayepima kasi saa nne asubuhi na kuandika kwamba mtandao ni mzuri hajapima kitu.

Sasa pengo la matumizi lenyewe. Kikwazo cha kwanza ni simu, na kwa maoni yetu ndicho kinachopewa uzito mdogo kuliko vyote. Kitochi hakifungui tovuti ya maana, na simu ya 2G kwenye mnara mpya wa 4G itaendelea kuonyesha herufi E, alama ya 2G. Kwa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, mstari wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini yake. Simu janja ikiuzwa 150,000, mtu huyo ataacha kula miezi mitatu ili ainunue. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Mwaka uliofuata ikairudisha.

Simu za mkopo zimesaidia wengi mjini: unatoa kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki, ukichelewa simu inajifunga. Mpango huo umetengenezwa kwa ajili ya bodaboda na mama lishe wanaoshika hela kila siku. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Tabora, hulipwa kwa msimu. Akipewa rejesho la kila siku, simu itajifunga kabla tumbaku haijafika sokoni. Mkopo unaomfaa ni ule unaokatwa wakati wa malipo kupitia chama chake cha msingi cha ushirika.

Kikwazo cha pili ni bando. Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba kufikia 2025 kifurushi cha kuanzia kisizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Wastani huo unaficha mengi. Chukua yule wa 49,320: asilimia 2 yake ni shilingi 986. Yaani bando lake la mwezi mzima lisizidi buku. Kifurushi cha 5,000 kwake ni zaidi ya asilimia 10 ya kila kitu anachotumia, chakula kikiwemo. Ndiyo maana watu hununua cha siku, tena siku moja moja, ingawa GB moja kwa njia hiyo hutoka ghali kuliko ya mwezi. Kutojua hesabu si sababu. Hela ya mwezi haipo mkononi kwa mkupuo.

Bando dogo huliwa na vitu ambavyo mwenye simu hakuviomba. Kabla ya kumfundisha mtu jambo lolote mtandaoni, zima manne haya: WhatsApp kujipakulia picha na video zenyewe, programu kujisasisha bila Wi-Fi, picha kujihifadhi mtandaoni, na video kujicheza kwenye mitandao ya kijamii. Kisha washa kiokoa data. Ujumbe wa sauti wa dakika moja hutumia kama KB 120 tu, lakini saa moja ya video ya ubora wa kati hufika MB 300 na zaidi. Kwa hiyo mafunzo ya kilimo yakitumwa kwa sauti na picha yanawafikia watu wengi kuliko yakitumwa kwa video, hata kama video inapendeza zaidi kwenye ripoti ya mradi.

Yapo mengine. Asiye na umeme nyumbani hulipia chaji kibandani na kuiacha simu huko nusu siku. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mikoa ya mpakani uhakiki wa uraia huweza kuchukua muda, hivyo wapo wanaotumia laini zenye majina ya ndugu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Nyumba nyingi zina simu janja moja, nayo iko kwa baba. Na kuna woga, wenye sababu: kila mtu ameshapata meseji ya "tuma kwenye namba hii". Namba za matapeli zitumwe 15040, na mafunzo yoyote ya intaneti yaanze na hilo.

Halafu lipo swali ambalo wenye miradi hulisahau: aingie mtandaoni kufanya nini? Si kila jambo linahitaji intaneti. Kutuma na kupokea pesa kwa menyu ya nyota na reli kunawezekana kwa kitochi tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Hata habari za bei hazihitaji simu janja. Katika jimbo la Kerala, India, wavuvi wa dagaa walipoanza kupigiana simu za kawaida wakiwa bado baharini, samaki wa kutupwa karibu waliisha, faida yao ilipanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa 4.

Intaneti inaongeza kitu pale picha na nyaraka zinapohitajika. Chukua dagaa wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mnunuzi wa Dar es Salaam hawezi kuujua ubora kwa sauti. Anataka kuona kama walianikwa kwenye kichanja au mchangani, kama wana rangi ya fedha au wamegeuka wekundu kwa kunyeshewa. Picha inayouza hupigwa mchana juani, dagaa wakiwa kiganjani na si gunia limefungwa, ikifuatiwa na uzito uliopimwa kwa mizani, bei ya kilo, na nani analipia usafiri. Kinachoharibu biashara hii mara nyingi ni mzigo kutofanana na picha. Mteja akidanganywa mara moja, haagizi tena. Malipo ya nusu kabla, nusu mzigo ukipokelewa, hupunguza ugomvi kwa pande zote.

Upande wa nyaraka, intaneti imekuwa mlango wenyewe. Mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu huombwa kupitia Wezesha Portal, zabuni za umma zipo NeST, ajira za Serikali zipo Ajira Portal, mkopo wa elimu ya juu nao huombwa mtandaoni. Wasio na simu janja huenda steshenari, na si vibaya, ila kosa linalojirudia ni hili: mhudumu anafungua akaunti kwa namba yake na nywila yake. Taarifa ya "rekebisha kiambatisho" inakwenda kwake, muda unapita, ombi linakufa. Tumia namba yako mwenyewe hata kama ni ya kitochi, maana meseji za uthibitisho hufika, na uondoke na nywila imeandikwa kwenye daftari.

Kujua kijiji kiko kwenye pengo gani ni kazi ya siku mbili tatu. Simama sehemu tano, ikiwemo bondeni na shuleni, uandike herufi inayoonekana kwenye simu kwa kila kampuni: E, 3G, H+ (3G ya kasi zaidi) au 4G. Rudia saa mbili usiku. Kisha pita kaya 30 ulizozichagua kwa kuruka, mfano kila ya kumi, ukiuliza kila mtu mzima kwa nafsi yake, wanawake bila waume kuwajibia: una simu gani, laini ina jina la nani, mara ya mwisho kuingia intaneti ni lini, na kilichokuzuia jana ni nini. Usiulize "unatumia intaneti?", maana anayeshinda WhatsApp hujibu hapana.

Herufi zikikosekana au E ikitawala, barua ya kuomba mnara ianzie serikali ya kijiji, ipite halmashauri kwenda UCSAF, na iambatane na idadi ya kaya, shule, zahanati na umbali hadi mnara wa karibu. 4G ikiwepo na majibu mengi yakawa "sina simu", barua hiyo isiandikwe. Fedha na muda viende kwenye mpango wa mkopo wa simu unaofuata msimu. Majibu yakiwa "bando", jaribu Wi-Fi ya shule au ofisi ya kata ifunguliwe jioni. Rudia kaya zilezile baada ya mavuno, kwa sababu Januari, njaa ikiwa imeshika, idadi ya watumiaji hushuka hata pale ambapo mtandao haujabadilika.