Pua ya Papa-zimwi

Wanafunzi wangu hapa Jinja, waliozoea sangara na kamongo, wakionyeshwa picha ya papa-zimwi hudhani kwamba pua yake ndefu, iliyotokeza mbele kama bamba, ni silaha ya kuchomea. Sivyo. Pua hiyo imejaa ampula za Lorenzini, yaani vifuko vidogo vyenye ute vinavyofunguka juu ya ngozi kwa vitundu, na ambavyo humwezesha kuhisi umeme hafifu unaotoka katika mwili wa mnyama aliye karibu. Jambo hili si geni katika maji yetu. Domodomo, ambaye Waganda humwita kasulubana, naye hutafuta njia na chakula usiku kwa kuhisi umeme. Ila yeye huuzalisha mwenyewe na kutambua unavyovurugwa, ilhali papa hupokea tu ule wa wengine.

Kinachotofautiana sana ni makazi. Ziwa Viktoria, penye kina kirefu kabisa, lina takriban mita 80, lakini papa-zimwi huishi zaidi kwenye miteremko ya bahari, kati ya mita 270 na 960, palipo giza na baridi. Alielezwa kisayansi mwaka 1898 na Mmarekani David Starr Jordan, kutokana na samaki aliyepatikana Japani, akapewa jina *Mitsukurina owstoni*. Wajapani humwita tenguzame, kwa ajili ya tengu, kiumbe wa ngano zao mwenye pua ndefu. Jina lenye heshima zaidi, nionavyo, kuliko hili letu la zimwi.

Si mwogeleaji hodari. Misuli yake ni legelege, mapezi ni madogo, na kwa kuwa hana kibofu cha hewa kama sangara, ini kubwa lenye mafuta ndilo linalomsaidia asizame. Basi mwindaji mzembe namna hii humkamataje samaki au ngisi? Hamfukuzi, humsogelea polepole, kisha taya hufyatuka kama manati. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa Japani mwaka 2016 vilionyesha kwamba taya hizo hufikia kasi ya mita 3.1 kwa sekunde, na hujitokeza mbele hadi asilimia 9.4 ya urefu wa mwili.

Zile picha za kutisha mitandaoni, taya zikiwa nje, aghalabu ni za mizoga. Akiwa hai na ametulia, taya hukaa ndani, na ngozi yake huonekana ya waridi kwa sababu mishipa ya damu huonekana kupitia ngozi hiyo. Akifa, rangi hiyo hugeuka kuwa ya kijivu au kahawia.